Daraja Kati ya Matundu Mawili

Ubao wenyewe hauzidi urefu wa dhiraa mbili, una upana wa shubiri moja na unene wa inchi moja, na niliukuta umetupwa juu ya kifusi katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, siku nyumba ulikotoka ilipokuwa ikiezuliwa paa. Ncha yake moja ilikuwa imeliwa na mchwa, na uso wake ulikuwa na tabaka nne za rangi, kijani juu ya nyeupe, nyeupe juu ya kijani, lakini matundu yake karibu yote yalikuwa yamebaki mazima: majani matatu, duara, kisha majani matatu tena, yakijirudia mpaka mwisho kama pindo la kanga. Niliwaomba mafundi waliokuwa juu, wakaniambia nichukue, maana kwao ulikuwa kuni. Nimekaa nao kwa miaka sita sasa, na sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu nakshi za kutoboa nimekipata kwa kujaribu kuuiga ubao huo na kushindwa.

Naomba niweke wazi kwanza ninazungumzia kazi gani, kwa sababu mtu akisikia nakshi za Zanzibar mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye milango. Mlango huchongwa kwa patasi, na nakshi yake huinuka juu ya uso wa mbao ambao nyuma umebaki mzima. Nakshi ya kutoboa hukatwa kwa msumeno mwembamba ukatokeza upande wa pili, kwa hiyo anachokiona mtazamaji ni mwanga unaopita na mbao iliyobaki kuuzuia. Utaiona kwenye vizuizi vya roshani, juu ya madirisha, na zaidi kwenye zile mbao zinazoning'inia ukingoni mwa paa, Mji Mkongwe na hata Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba za bati. Mwenye kutaka kuiona ikiwa imekamilika na aende Mizingani, mkabala na bandari, penye jengo la zahanati ya zamani ambalo tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887 na ambalo lilimalizika mwaka 1894, miaka mitatu baada ya yeye mwenyewe kufariki. Ustadi wa roshani zile ulikuja na mafundi wa Kihindi. Mimi nimesimama chini yake mara nyingi saa za alasiri, jua likiwa upande wa bahari, na kila mara neno linalonijia ni kimia, kwa sababu mbao imekatwa mpaka imekuwa kama kitambaa.

Mimi ni mwalimu wa skuli, si seremala. Kazi hii niliianza wakati umeme ulipokatika Unguja kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, siku ambazo watu walihamia barazani kwa kuwa ndani hapakukalika kwa joto. Jirani yetu, seremala mzee aliyekwisha kuacha kazi nzito, alikuwa akikaa barazani kwake na msumeno wa fremu, yaani upinde wa chuma wenye umbo la herufi U uliokaziwa bledi nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Mbele yake alikuwa amepigilia kibao kinachotokeza nje ya ukingo wa baraza, kikiwa na mwanya uliokatwa kama herufi V, na ndani ya mwanya huo ndimo msumeno ulimokuwa ukipanda na kushuka, mbao ikiwa imelazwa juu na mkono wa kushoto ukiigeuza polepole. Nilimwamkia, nikakaa, nikaangalia. Siku ya pili alinipa msumeno, na bledi ikakatika kabla sijamaliza nusu ya duara.

"Maalim," akaniambia, "usiusukume. Uache ule wenyewe. Wewe kazi yako ni kuupa mbao."

Nilivunja bledi tano kabla ya kuyaelewa maneno hayo kwa mikono. Watu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na kwa misumeno mingi ya uzi huu mwembamba sivyo ilivyo: meno yake yameelekezwa chini, hukata ukishuka tu, na ukipanda hupanda mtupu. Anayesukuma mbao wakati msumeno unapanda anaipinda bledi bila kukata chochote, na bledi iliyopindwa hivyo mara mia hukatika. Baada ya wiki moja nilianza kusikia mdundo wake, na nilipoacha kufikiria mkono wa kulia ndipo mstari uliponyooka.

Mashine ya kuendesha msumeno wa aina hii niliinunua mwaka 2017, ikiwa imetumika, yenye nafasi ya inchi 16 kutoka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma. Hiyo ndiyo namba ya kuiuliza kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua ubao wa urefu gani utaweza kuugeuza bila kugonga. Ya pili ni volti. Muuzaji aliniapia kwamba mashine zote ni sawa, nami nikaichomeka bila kusoma kile kibati cha nyuma kilichoandikwa 110, wakati umeme wetu ni wa volti 230. Mota ikatoa moshi siku hiyo hiyo, na kuisuka upya kuligharimu karibu nusu ya bei niliyoinunulia. Vyombo vilivyotumika huja kutoka nchi nyingi, na kibati hicho ni cha kusomwa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kazi ya mashine ni ileile ya fremu, ila kupanda na kushuka kunafanywa na mota, kuanzia kiasi cha mapigo 400 kwa dakika mpaka zaidi ya 1,500, na mikono yote miwili hubaki kwa ajili ya mbao. Bledi za kawaida zina urefu wa inchi tano. Ziko zenye pini ndogo kwenye ncha na ziko zisizo na pini, na mtu akiweza kuchagua achukue mashine inayokubali zisizo na pini, kwa sababu bledi yenye pini inadai tundu kubwa la kuipitisha, na kwa nakshi nyembamba tundu hilo linakula mchoro wenyewe. Ukishaikaza, iguse kwa ukucha. Ikilia kwa sauti nyembamba na safi, kama uzi wa udi uliopatanishwa, iko tayari; ikitoa sauti nzito, itatangatanga ndani ya mbao na upande wa chini wa tundu hautalingana na wa juu.

Kuna jambo moja ambalo huwakatisha tamaa wanaoanza, nao hudhani ni kasoro ya mikono yao. Wanaifuata alama kwa uangalifu wote, na msumeno unakwenda kulia. Sababu ni kwamba bledi nyingi, meno yanapotengenezwa kiwandani, hubaki na ukali zaidi upande mmoja, na upande huo huivuta njia. Dawa yake si kupigana nayo. Ni kuugeuza ubao digrii tatu au nne na kuupeleka hivyo hivyo ukiwa umekaa kimshazari, na baada ya saa chache mwili unazoea wenyewe, kama anayeendesha baiskeli kwenye upepo wa kusi.

Sasa nirudi kwenye ubao. Nilipoufikisha nyumbani niliulaza juu ya meza, nikaufunika kwa karatasi, nikasugua mkaa mpaka mchoro ukatokea. Kisha nilifanya kosa lililonigharimu miezi miwili. Nilipopima niliona kwamba zile sehemu nyembamba za mbao zilizobaki kati ya tundu na tundu, ambazo sisi wapenzi wa kazi hii tunaokutana Jumamosi tumezoea kuziita madaraja, hazikuwa sawa: nyingine zilikuwa na milimita nane, nyingine zilikaribia ishirini. Nikaamini kwamba fundi yule wa zamani alikuwa amekosea vipimo, au mkono wake ulichoka. Nikachukua rula na bikari, nikausahihisha mchoro wote, kila daraja milimita kumi, na kwenye karatasi ulipendeza kwelikweli.

Nakala ya kwanza ilivunjika mkononi nilipokuwa nikipiga msasa. Ya pili ilivunjika ikiwa bado kwenye mashine. Ya tatu ilifika mpaka kwenye rangi, ikaanguka kutoka kwenye kiti, na ikaachana vipande viwili. Nililaumu mbao, nikalaumu bledi, na nilikuwa nimeanza kufikiria kuongeza unene, siku mama alipokuja kututembelea.

Mama yangu ameshona kofia za viua, yaani zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, tangu alipokuwa msichana, na ameishi na matundu muda mrefu kuliko seremala yeyote ninayemjua. Alikiokota kile kipande kilichovunjika, akapitisha kidole penye jeraha.

"Viua vyako vimekaribiana, mwanangu."

Nikamwambia kwamba vyote vina nafasi sawa, nimevipima.

"Vina nafasi sawa, nimeona. Lakini hapa pamechanika, na hapa hapakuchanika. Nguo nayo ina mtande na mshindio, nyuzi za urefu na nyuzi za upana, ukiivuta huku haivutiki kama kule."

Aliendelea na mazungumzo mengine, nami nikavikusanya vipande vyote vya nakala tatu na kuvipanga sakafuni. Kila kilipovunjika, kilivunjika kwenye daraja lililosimama wima, likiwa limekingama na nyuzi za mbao. Hakuna hata daraja moja la kulala, lililofuata urefu wa nyuzi, lililokuwa limeguswa. Nikauleta ubao wa zamani na kupima tena, safari hii nikiandika kwa kila daraja ni la wima au la kulala. Yale ya milimita nane yote yalikuwa ya kulala. Yale ya karibu ishirini yote yalikuwa ya wima. Fundi hakukosea mahali popote. Kwenye nyuzi zinazokwenda na daraja mbao hushikamana kwa urefu wake wote. Kwenye daraja lililokingama, nyuzi ni fupifupi, zimelala kama vijiti vya kiberiti vilivyobandikwa ubavu kwa ubavu, na kinachozizuia zisiachane ni gundi ya asili iliyomo ndani ya mbao tu. Yeye aliyajua hayo akayanenepesha yaliyo dhaifu, kisha akayafunika kwa kulirefusha jani la kati, hivi kwamba jicho la mtu aliye chini halioni tofauti. Mimi nilikuja na bikari nikafuta ujuzi wake nikidhani nafuta kosa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kubandika mchoro wowote, napiga mshale mmoja wa kalamu nyekundu juu ya karatasi kuonyesha nyuzi zitakwenda wapi, na kila daraja linalokatiza mshale huo nalipima peke yake. Pia napaka rangi ndani ya kila tundu kabla ya kukata. Mchoro wa mistari mitupu hudanganya. Baada ya saa moja ya kukodoa macho mtu hajui tena kipi kinaondoka na kipi kinabaki, na nimewahi kulikata daraja lenyewe nikaliacha tundu.

Wenzangu wengi wa Jumamosi wanapendelea plaiwudi, na ninawaelewa. Tabaka zake zimepishana, moja imelala na nyingine imesimama, kwa hiyo daraja la upande wowote lina nguvu karibu sawa, na mchoro ulionunuliwa tayari hukatika bila kufikiriwa. Kwa vitu vya ndani, kama majina ya watoto, vishikio vya misahafu au fremu za picha, sina neno dhidi yake, ingawa plaiwudi nyingi zinazofika madukani kwetu zina mashimo ndani ya tabaka, na msumeno ukilifikia shimo huruka. Lakini nje, chini ya paa, mvua ya masika ikiipiga miaka miwili hufumuka kama karatasi. Na lipo jambo jingine: anayejifunza kwa plaiwudi pekee hajifunzi kuuliza nyuzi zinakwenda wapi, na siku atakapopewa mbao halisi atavunja nakala tatu kama mimi.

Katika mbao halisi, ninayoipenda kuliko zote ni mfenesi. Ikiwa mbichi kutoka kwenye msumeno ina manjano ya kung'aa, na kadiri miaka inavyopita hugeuka kahawia iliyokolea. Mchwa haupendi kuila, na nyuzi zake hukubali kugeuzwa. Mninga hukatika kwa ulaini na hauchezi sana ukikauka. Msaji ni mzuri mno kwa nje, ila ndani yake mna chembe kama za mchanga ambazo humaliza meno ya bledi haraka. Mvule nao mara nyingine huficha vijiwe vya chokaa, na bledi ikikutana na kijiwe hakuna ustadi utakaoiokoa. Vumbi la mninga na la mvule lisichukuliwe kirahisi. Mwenzetu mmoja, muuguzi, alianza kukohoa usiku baada ya wiki mbili za mninga, na ndiye aliyetufundisha sote kuvaa barakoa inayobana pua na kufanya kazi upepo ukiwa mgongoni. Vumbi hilo huweza kuleta pumu kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nayo.

Mambo mengine ya karakana nayataja kwa haraka. Funika ubao kwa solotepu pana kwanza, kisha bandika karatasi juu yake kwa gundi. Ukimaliza vyote hubanduka pamoja, na solotepu yenyewe husaidia kingo zisiungue. Toboa tundu la kuingilia katikati ya sehemu inayoondoka, kamwe si karibu na alama. Anza na matundu madogo ya katikati, malizia na makubwa, na ukingo wa nje uwe wa mwisho kabisa, ili ubao ubaki na mwili wa kushikika wakati nakshi ni laini. Hewa yetu ina chumvi, na bledi zilizoachwa wazi hushika kutu kabla ya mwezi kuandama mara mbili, kwa hiyo mimi huzihifadhi katika vipande vya bomba la plastiki vilivyozibwa ncha zote mbili, kila namba ya ukubwa na bomba lake, pamoja na kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya cherehani. Namba tatu kwa mbao nyembamba na nakshi za karibu, namba saba au tisa kwa ubao wa inchi moja.

Kazi iliyonipa furaha kubwa kuliko zote haikuwa nakshi hata kidogo. Katika miaka ya 1760, mchora ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya mbao na kuikata kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia kwa kuipanga upya. Niliposoma hilo nilichora ramani ya Unguja na Pemba kwa ajili ya watoto wa maandalizi, wilaya zote kumi na moja, kila moja kipande chake. Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani zilikatika bila shida. Wilaya ya Mjini ilitoka ndogo kama ukucha, mtoto angeweza kuimeza, na nililazimika kuichora ramani yote upya kwa ukubwa mara tatu. Tumbatu nikaiacha imeshikamana na Kaskazini A kwa daraja jembamba ambalo baharini halipo, na lile daraja nililikata kwa kufuata nyuzi. Mtoto mmoja wa miaka mitano aliniuliza hapo mtu anaweza kupita kwa miguu. Nilimwambia kwamba kule mtu huenda kwa ngalawa, na kwamba daraja lile ni la mbao tu, ili kisiwa kisipotee chini ya makabati.

Kwa sasa mikononi nina kazi ya nyumba ya marehemu bibi yangu, Kikwajuni, ambayo paa lake la bati limebadilishwa mwaka huu na ukingo wake wa mbele umebaki mtupu. Unahitaji mbao kumi na moja. Nimetumia mfenesi uliokauka darini kwa mwaka mzima na mchoro wa ule ubao wa kifusi, bila kuusahihisha popote: nane pa nane, ishirini pa ishirini. Ncha za chini nimezichonga zikawa kali kama zilivyokuwa, kwa sababu maji ya mvua hukusanyika hapo na kudondoka badala ya kurudi nyuma kuingia ukutani, na kila ncha nimeinywesha mafuta ya kitani mara tatu kabla ya rangi, maana hapo ndipo nyuzi zimekatwa wazi na ndipo mbao hunywa maji. Kila ubao unanichukua jioni nne. Kumi zimekwisha kupigiliwa.

Wa kumi na moja sitaukata. Nimeiondoa ile ncha iliyoliwa na mchwa, nikaunga kipande kipya cha shubiri moja kwa kiungo cha mshazari, nikayatoboa majani yaliyokosekana, na upande wa zamani nimeuacha na rangi zake zote nne. Mama alipouona ukiwa bado juu ya meza alipitisha kidole penye kiungo, akakirudisha nyuma polepole mpaka kwenye daraja la kwanza la wima, akalibonyeza kwa gumba, likakaa. Jumamosi hii, asubuhi kabla ya jua kupanda, tutaupandisha upande wa mlangoni.